Gemu Inakwama Kwa Lapi ya Ex-UK? Cheki Draiva Kabla Umwage Doh Kwa Fundi

Jumamosi usiku. Gemu imeisha kushuka, bando imebaki kamkia, mabeste wako hewani wanakungoja wewe tu. Unabonyeza "Play", skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili hivi, halafu unarudishwa mwanzo kama msee amefukuzwa kwa geti ya klabu. Unajaribu tena. Nyeusi tena. Jumatatu unabeba lapi hadi tao, jamaa wa kibanda anaiangalia nusu dakika halafu anakushow: "Kadi ya grafiki imekufa hii, boss. Leta thao nane."

Hapo ndipo doh ya wasee wengi hupotelea. Lapi nyingi zenye tunabeba mtaani hazina kadi ya grafiki ya kufa. Zinatumia grafiki ya ndani ya prosesa, na mambo kama hiyo skrini nyeusi mara nyingi huanzia kwa draiva, kitu unaweza kurekebisha bure ukiwa keja.

Mwongozo huu tumeupanga hivi: vitu vya bure kwanza, vitu vya kulipia mwisho. Ufuate kwa mpangilio. Ukifika chini utajua kama shida ni draiva, ni mwili wa mashine, ama chipu yako imefika mwisho wa uwezo wake. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

KADI GANI HIYO IMEKUFA?

Zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zimejaa Luthuli na Moi Avenue zilitengenezewa watu wa ofisi. Excel, barua pepe, mikutano ya video, basi. Nyingi hazikuwekwa kadi ya grafiki ya kujitegemea. Kazi ya kuchora picha inafanywa na kipande kilicho ndani ya prosesa yenyewe. Ukisikia Intel HD 520, UHD 620, Iris Xe ama Radeon Vega 8, hizo ndizo tunaongelea.

Mambo matatu yanatokana na hiyo, yashike kwa kichwa:

Moja, hakuna kadi ya kuchomoa na kuweka ingine. Kwa lapi nyembamba prosesa imechomewa kwa bodi. Kama kweli grafiki imekufa, imekufa na prosesa, na unabadilisha bodi nzima. Kwa hivyo fundi akikuambia anabadilisha "kadi" kwa mashine ya hivi, muulize akuonyeshe iko wapi.

Mbili, grafiki ya ndani haina memori yake. Inakopa RAM ya mashine. RAM ikiwa kidogo ama polepole, gemu inaumia.

Tatu, prosesa na grafiki zinakula sahani moja. Prosesa za Intel zenye herufi U mwishoni, kama i5-6300U ama i5-8350U, zimepangiwa wati 15 kwa jumla. Grafiki ikichukua nyingi, prosesa inabaki na njaa. Joto pia ni la wote wawili.

Sasa draiva ni nini? Ichukulie kama dere wa mat. Chipu ndiyo gari. Gari inaweza kuwa na injini safi, lakini ukiweka dere mwenye hajui ruti ya Rongai, mtazunguka Langata hadi usiku. Draiva ndiyo programu inajua kuendesha chipu yako. Ikiwa haipo, imezeeka, ama ni ya gari ingine, gemu haifiki.

HATUA YA KWANZA: JUA CHIPU YAKO

Hii inachukua dakika mbili. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, Task Manager ifunguke. Ingia "Performance", halafu "GPU 0". Upande wa juu kulia utaona jina la chipu. Chini utaona toleo la draiva, tarehe yake na DirectX yenye inatumika. Piga picha na simu, utahitaji baadaye.

Kama GPU haionekani kabisa hapo, bonyeza Windows + R, andika dxdiag, ingia "Display". Ukipata jina "Microsoft Basic Display Adapter", tulia, umeshapata ugonjwa. Maana yake Windows haina draiva ya chipu yako, imeweka dere wa muda tu ili uone skrini. Hakuna gemu ya maana itacheza hapo. Hii hutokea sana kwa lapi yenye imewekwa Windows upya na mwenye duka hakujisumbua na mengine.

Njia ingine ni kusoma namba ya prosesa. i5-6300U: hiyo 6 baada ya kistari ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Na hivi ndivyo vizazi vya Intel vinasimama kwa mambo ya gemu:

- Kizazi cha 3 (HD 4000, 2012): DirectX 11 ndiyo mwisho. Gemu inayodai DirectX 12 haitafunguka, hata ufanye maombi.
- Kizazi cha 4 (HD 4400, HD 4600): Ilikuwa na DirectX 12, lakini Intel wenyewe waliizima kwa draiva za baadaye kwa sababu ya shimo la usalama. Ukiona gemu ilikuwa inafunguka kitambo na sasa imekataa baada ya apdeti, sababu inaweza kuwa hiyo.
- Kizazi cha 5 (HD 5500, 2015): DirectX 12 iko lakini ya kiwango cha chini.
- Kizazi cha 6 hadi cha 8 (HD 520, HD 620, UHD 620): DirectX 12 na Vulkan ziko. Shida ni nguvu, sio lugha.
- Kizazi cha 11 kuendelea (Iris Xe, kuanzia 2020): Hapa sasa kuna pumzi. Gemu nyingi za kitambo zinacheza fiti.

Kwa AMD, Ryzen za lapi za mfululizo wa 2000 hadi 5000 nyingi zina Vega. Radeon 680M ilikuja na Ryzen 6000 mwaka 2022, na hiyo ni moto kuliko zote tumetaja.

Kitu ingine ya kujua: Julai 2022 Intel walihamisha grafiki za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwa huduma ya wazee. Hapo zilibakishiwa marekebisho ya usalama na hitilafu kubwa tu, na hazipewi tena draiva maalum kila gemu mpya ikitoka. Kwa hivyo usikae ukingoja apdeti ya kuja kukuokoa. Tafuta ya mwisho iliyo thabiti, iweke, iache hapo.

DALILI NA MAANA YAKE

Kabla uguse kitu, soma vile gemu inakufa. Kila kifo kina hadithi yake.

Skrini nyeusi kidogo halafu picha inarudi, gemu imejifunga. Windows hungoja chipu sekunde mbili. Isipojibu, inaipiga restati yenyewe. Ndiyo maana unaona ule ujumbe wa "Display driver stopped responding and has recovered". Mshukiwa wa kwanza ni draiva, wa pili ni joto.

Skrini ya bluu yenye "VIDEO_TDR_FAILURE". Ni shida ileile, lakini restati ilishindikana. Chini ukiona igdkmd64.sys, ni draiva ya Intel. Ukiona amdkmdag.sys ama atikmpag.sys, ni ya AMD.

"DXGI_ERROR_DEVICE_HUNG" ama "DEVICE_REMOVED". Gemu inalia kwamba chipu imepotea katikati ya kazi. Anza na draiva, halafu shusha mipangilio ya picha.

"d3dx9_43.dll is missing". Hapo draiva haina makosa. Ni faili za DirectX za kitambo hazipo. Microsoft wanazitoa bure kwa jina "DirectX End-User Runtimes (June 2010)". Ukiona VCRUNTIME140.dll ama MSVCP140.dll, unahitaji Visual C++ Redistributable, pia bure kwa Microsoft. Usishushe faili moja ya dll kutoka saiti za ajabu. Hapo ndipo virusi huingilia.

Gemu inacheza poa dakika kumi halafu inaanza kuburuta. Hiyo ni joto. Draiva haina saa.

Gemu inaburuta kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kujifunga. Hapo inaweza kuwa RAM, chaja, ama chipu imefika kikomo. Ruka hadi sehemu ya mwili wa mashine.

Picha ina mistari, rangi za ajabu ama pembetatu zinaruka. Kama inatokea ndani ya gemu moja pekee, ni draiva ama gemu yenyewe. Kama inaonekana hata kwa BIOS kabla Windows iwake, ni skrini, kebo ya skrini ama bodi. Hapo kweli enda kwa fundi.

Na ukiwa umekwama na skrini nyeusi saa hii, jaribu Windows + Ctrl + Shift + B. Utasikia mlio mfupi na skrini itapepesa. Hiyo inaamsha draiva upya bila kuzima mashine.

KUWEKA DRAIVA INAYOFAA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, tengeneza njia ya kurudi. Andika "restore point" kwa sehemu ya kutafuta ya Windows, ufungue, ubonyeze "Create". Kitu ikiharibika, unarudi ulipokuwa.

Pili, shusha draiva kabla utoe ile ya zamani. Usijipate umetoa kila kitu halafu bando imekatika. Na ujipange: faili ya draiva ya Intel hula mamia ya MB, na zile za chipu mpya hupita GB moja. Kama una beste mwenye WiFi ya nyumbani, hii ndiyo siku ya kumtembelea.

Utaitoa wapi? Mahali ni mbili tu. Ya kwanza ni saiti ya waliotengeneza lapi: HP, Dell, Lenovo na wengine. Weka namba iliyo chini ya mashine, utaletewa draiva za mashine yako hasa. Ya pili ni Intel ama AMD wenyewe. Ya mtengenezaji wa lapi mara nyingi ni ya zamani lakini imejaribiwa kwa mashine hiyo. Ya Intel ni mpya zaidi. Kama shida yako ni kuganda na kujifunga, anza na ya mtengenezaji wa lapi. Kama shida ni gemu mpya kukataa, jaribu ya Intel.

Zamani ukijaribu ya Intel ungeambiwa "The driver being installed is not validated for this computer", yaani nenda kwa mtengenezaji. Tangu Mei 2020 Intel walifungua hiyo kufuli kwa kizazi cha 6 kuendelea, kwa hivyo sasa unaweza kuweka ya kwao moja kwa moja. Bado ukiona ujumbe huo, uwezekano mkubwa ni kwamba chipu yako ni ya zamani kuliko hiyo ama umeshusha faili ya kizazi kingine.

Tatu, toa ya zamani vizuri. Kwa watu wengi inatosha kuingia "Device Manager", "Display adapters", bonyeza kulia jina la chipu, "Uninstall device", uweke alama pale pa kufuta draiva, halafu uwashe mashine upya. Kama umeweka draiva juu ya draiva mara kadhaa na bado inasumbua, tumia programu ya bure inaitwa Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU. Hii inafagia mpaka kona. Itumie ukiwa kwa "Safe Mode": shika Shift ukibonyeza "Restart", ingia "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza 4.

Lakini subiri! Kama lapi yako ina BitLocker, kuingia huko kunaweza kuitisha funguo ndefu ya namba 48. Cheki kwanza kama diski imefungwa na kama funguo uko nayo. Wasee wamejifungia nje ya mashine zao hivi.

Nne, zima WiFi kabla utoe draiva, na usiiwashe hadi umalize kuweka mpya. Ukiacha mtandao, Windows itakimbia kuweka draiva yake kabla yako, na utarudi pale pale.

Tano, weka draiva mpya, washa mashine upya, rudi Task Manager uhakikishe toleo limebadilika. Gemu ya kwanza baada ya hapo inaweza kuruka ruka dakika chache. Usipanik. Gemu nyingi zinaandaa upya vipande vyake vya picha kwa draiva mpya, halafu zinatulia.

WINDOWS IKIKURUDISHIA DERE WA ZAMANI

Umeweka draiva fiti, gemu imecheza wiki moja, halafu asubuhi moja kila kitu kimerudi vile kilikuwa. Mara nyingi hapo ni Windows Update imeingia usiku na kuweka draiva yake. Kwa wenye Radeon hii hujulikana sana: unafungua programu ya AMD inakuambia hailingani na draiva iliyopo.

Kwa "Device Manager", bonyeza kulia chipu, "Properties", "Driver", halafu "Roll Back Driver". Hiyo inarudisha iliyokuwepo. Kama kitufe hakibonyezeki, weka upya ile faili uliyoshusha. Ndiyo maana usiifute, ihifadhi kwa flashi.

Halafu andika "Change device installation settings" kwa sehemu ya kutafuta, uchague "No". Haizuii kila kitu, lakini inapunguza hizo ziara za usiku. Usizime apdeti zote za Windows kabisa, maana za usalama unazihitaji.

Kuhusu Windows yenyewe: huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kirasmi inataka Intel kizazi cha 8 kuendelea. Lapi za kizazi cha 4 na cha 5 zinauzwa na Windows 11 ya kulazimishwa, na Intel hawakuzitolea draiva za Windows 11. Ya Windows 10 huwa inakubali, lakini ikisumbua usilaumu gemu. Mashine imevalishwa kiatu cha mtu mwingine.

DRAIVA IKO POA LAKINI BADO INABURUTA

Hapa sasa tunaangalia mwili wa mashine. Vitu ni vitatu, na vyote ni bei nafuu kuliko lapi mpya.

RAM moja badala ya mbili. Hii ndiyo siri kubwa ya grafiki ya ndani, na wauzaji wengi hawakuambii. Fungua Task Manager, "Performance", "Memory", uangalie "Slots used". Ukiona "1 of 2", mashine inatumia barabara ya leni moja. RAM moja ya DDR4-2400 inapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Mbili za aina hiyo zinapitisha 38.4. Kwa kuwa grafiki yako inakopa hapo hapo, utaisikia kwa gemu. RAM mbili za GB 4 zinaweza kushinda moja ya GB 8 kwa gemu, kama gemu yenyewe inatoshea ndani ya GB 8.

Kwa Iris Xe hii ni hadi kwa jina. Mashine yenye RAM moja inajiita "Intel UHD Graphics". Ukiongeza ya pili, inaanza kujiita "Iris Xe". Kwa hivyo kama uliuziwa Iris Xe na Windows inaonyesha UHD, kabla upigane na muuzaji, hesabu RAM. Kabla ununue ya pili, hakikisha aina ni ileile, DDR3L ama DDR4, na kwamba mashine yako ina nafasi. Zingine RAM imechomewa kwa bodi.

Joto. Lapi ya ex-UK imefanya kazi miaka kadhaa kabla ikufikie. Feni imejaa vumbi na ile pesti ya kupitisha joto imekauka kama matope ya Januari. Weka programu ya bure ya HWiNFO, cheza gemu dakika kumi na tano, halafu angalia nyuzi joto za prosesa. Ikikaa juu ya 90 na kasi inashuka, umepata mwizi. Kusafisha feni na kuweka pesti mpya ni kazi ya kweli ya fundi, na hapo doh yako haijapotea. Kwa sasa, acha kuchezea kitandani. Blanketi linaziba mashimo ya hewa.

Chaja. Hii watu hawaishuku kabisa. Dell zina tabia ya kukagua chaja, na zisipoitambua zinaleta ujumbe kwamba aina na wati za chaja hazijulikani, halafu zinapunguza kasi ya prosesa makusudi. Chaja ya barabarani inaweza kuwa inachaji poa na bado gemu inatambaa. Jaribu na chaja orijino ya beste kabla ununue kitu. Na usicheze kwa betri peke yake, maana lapi nyingi hujibana ili kuokoa moto. Ukiwa umechomeka, ingia mipangilio ya nguvu ya Windows na uchague "Best performance".

UONGO WA MTAANI

"Ongeza VRAM kwa registry." Video zimejaa zikikuonyesha kuandika "DedicatedSegmentSize" ili 128 MB iwe 512. Hiyo inabadilisha tu namba yenye gemu inasoma. Memori haijaongezeka hata kidogo. Inaweza kusaidia gemu fulani ikubali kufunguka, lakini kasi ni ile ile. Hiyo 128 ni sehemu iliyotengwa mapema. Mashine hukopa zaidi yenyewe gemu ikihitaji, hadi karibu nusu ya RAM.

"Shusha programu ya kusasisha draiva zote." Zile zinakuonyesha "draiva 27 zimezeeka" kwa maandishi mekundu, halafu zinaitisha kadi ya benki. Draiva za Intel na AMD ni bure. Anayekuuzia amekuuzia hewa, na pengine amekuongezea matangazo ndani ya mashine.

"Zima antivairasi ndio gemu ifunguke." Ukiambiwa hivyo na gemu ya kubomoa, jiulize kwa nini mgeni anataka askari atolewe getini. M-Pesa, barua pepe na picha zako ziko kwa mashine hiyo hiyo.

CHIPU IKIFIKA MWISHO

Umeweka draiva sahihi, RAM ni mbili, joto liko chini, chaja ni orijino. Bado gemu inaburuta. Fanya jaribio moja la mwisho: shusha picha hadi 1280 kwa 720 na kila kitu "Low".

Hesabu ni hii. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vitone zaidi ya milioni mbili. Ya 1280 kwa 720 ina 921,600, chini ya nusu. Kama kasi imepanda sana, basi grafiki ndiyo ilikuwa imelemewa, na sasa umepata dawa: cheza hapo. Kama gemu ina FSR, iwashe. Hiyo ni teknolojia ya AMD ya kukuza picha ndogo, na inakubali hata kwa chipu za Intel. Kama kasi haijasonga, mwenye kulemewa ni prosesa ama RAM, na kuendelea kushusha picha ni kujitesa macho bure.

Na kuna gemu hazitaki tu. EA Sports FC za kompyuta zinadai DirectX 12 na kadi yenye nguvu kuliko hizi. HD 4000 haiwezi, na UHD 620 itateseka. Lakini San Andreas, GTA V ile ya 2015 kwa mipangilio ya chini, na gemu kibao za miaka hiyo zina maisha kwa hizi lapi. Kukubali hapo sio kushindwa. Ni kujua gari yako ni Probox, sio Subaru.

UKIENDA KWA FUNDI AMA KUNUNUA

Usiende mikono mitupu. Enda na ile picha ya Task Manager, jina la chipu, toleo la draiva, na ujumbe wa hitilafu vile uliandikwa. Muulize fundi: shida ni draiva, joto, ama bodi? Umejuaje? Fundi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha. Mwenye anaanza kupandisha sauti kabla hata afungue mashine, muage salama.

Ukinunua, fungua Task Manager hapo hapo dukani. Jina la chipu, "Slots used", kizazi cha prosesa. Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", mwambie aweke draiva ukiwa umesimama hapo, kabla utoe M-Pesa. Halafu wacha video icheze kwa skrini nzima dakika kumi, usikie feni na ushike chini ya mashine kama inachoma.

Dakika ishirini za kucheki dukani na jioni moja ya kupanga draiva. Ukilinganisha na thao nane za kadi ambayo haikuwepo, hesabu unaijua mwenyewe.